Nanga za Miono: historia fupi ya bolti kwenye zege

Nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki mbili na ushee, hadi wengine mkaanza kuniuliza kama nimeweka kalamu chini. Hapana. Nilikuwa Miono. Kwa asiyeijua: toka Chalinze, shika barabara ya Segera, vuka mto Wami (siku hizi tunapita daraja jipya lililoanza kutumika 2022, tumeagana na lile jembamba la mwaka 1959 ambalo lori likiingia wewe unasubiri), fika Mandera, halafu kata kulia kama unakwenda Saadani. Mandera yenyewe ina historia yake, maana mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Bagamoyo walifungua misheni pale mwaka 1881, lakini leo siko huko.

Leo nataka kuzungumzia bolti. Ndiyo, bolti. Msinicheke kwanza.

Mjomba wangu ana mashine ya kusaga pale Miono. Miaka yote ilikuwa ikiendeshwa na injini ya dizeli, ile yenye magurudumu mawili mazito ya chuma ubavuni, inayolia tuku-tuku-tuku hadi mtaa wa tatu. Umeme wa REA ulipofika, mjomba akapiga hesabu za dizeli, akaona bora anunue mota. Akaniita nikamsaidie kusafirisha mota kutoka Dar. Nilipofika nikamkuta yeye na fundi wamesimama juu ya msingi wa zege wa zamani, wanabishana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umekuja wakati mzuri. Wewe msomi, hebu tuamulie."

Fundi alikuwa na rolbolti nne mkononi, ndefu kidogo kuliko kidole changu cha kati. Anataka kutoboa zege la zamani, azipige mle, afunge mota, jioni watu wasage. Mjomba anataka msingi uvunjwe, bolti zimwagiwe zege upya, hata kama biashara itafungwa mwezi mzima. Mimi nikasema ukweli: sijui. Na kwa kuwa kutojua ndiyo kazi yetu sisi waandishi, nikaanza kutafuta. Nilichokuta kinatosha kuwapotezea muda wenu wa chai.

Tuanzie na jina. Rolbolti, rolplagi, wengine roplagi: kila fundi kuanzia Kariakoo hadi Kisumu anatamka hivyo. Nilidhani ni neno tu la ufundi. Kumbe ni jina la mtu! John Joseph Rawlings alikuwa mkandarasi wa London. Yapata mwaka 1910 makumbusho ya British Museum yalitaka kufungiwa vifaa vya umeme bila kuharibu kuta zao za thamani. Njia ya siku zile ilikuwa kuchimba tundu kubwa kwa tindo, unapigilia kipande cha mti, halafu skrubu inaingia kwenye mti. Ukuta unabaki na makovu. Rawlings akabuni kijiti kidogo chenye uwazi katikati, kilichotengenezwa kwa nyuzi za jute zilizogandishwa kwa gundi, na wanaosimulia wanasema hata damu ya wanyama ilitumika kugandisha. Unatoboa tundu dogo, unaingiza kijiti, skrubu ikiingia nyuzi zinatanuka na kubana ukuta. Hati ya ubunifu ni ya mwaka 1911. Baadaye kampuni yake ikatoa bolti yenye koti la chuma linalotanuka kwa namna hiyo hiyo, kwa mizigo mikubwa zaidi. Ndiyo hizo alizoshika fundi wa Miono. Jina tukalimeza kama tulivyomeza Kiwi ikawa dawa ya viatu yoyote ile.

Nilifurahi kidogo niliposoma habari za nyuzi. Jute na mkonge si ukoo mmoja, ila kazi yao inafanana: kamba na magunia. Na sisi watu wa pwani hii mkonge tunaujua. Dk. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 1,000 ilianza safari kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo 62 yakatoka mashamba ya Tanga, Korogwe na kwingineko. Na hapa ndipo bolti zinapoingia kwenye historia yetu kwa kishindo. Mkonge hauchakatwi kwa mkono kwa tani na tani. Ulihitaji mashine kubwa, ile ambayo hadi leo watu wa mashambani wanaiita korona, kwa jina la mashine ya Wajerumani. Mashine ya namna hiyo huwezi kuiweka juu ya udongo. Unaimwagia msingi wa zege, na ndani ya zege unaacha bolti ndefu zimetokeza vichwa kusubiri miguu ya mashine. Ukipita mashamba ya zamani upande wa Tanga utaona misingi imebaki peke yake porini, mashine zilishauzwa chuma chakavu, bolti zimesimama na kutu yake kama meno ya mzee. Chuma kimeondoka, bolti zimegoma.

Kabla ya hapo tulikuwa tukifungaje vitu? Hili nililiulizia Bagamoyo wakati wa kurudi. Nyumba za mji mkongwe, na hata Boma la Wajerumani la mwaka 1897, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari inabebwa na boriti za mikoko. Tazama fundi wa zamani alivyokuwa na akili: hakufunga boriti ukutani, aliilaza NDANI ya ukuta. Ukuta mnene, boriti inaingia, juu yake mawe mengine yanaendelea. Mzigo wote unakandamiza kwenda chini. Hakuna kinachovutwa. Chokaa na mawe vinapenda kukandamizwa, havipendi kuvutwa, na wazee walilijua hilo bila kitabu. Ndiyo maana pia vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, mita 2 na nusu hadi 3 hivi, kwa sababu boriti haifiki mbali zaidi. Vyumba vya zamani vya Ghuba, Muscat mpaka Kuwait, vina upana unaokaribiana na huo kwa sababu boriti zao zilitoka huku kwetu, nyingi Rufiji. Mkoko wa Rufiji ulipima sebule za Waarabu! Sultani Barghash alipotaka varanda pana katika Beit al-Ajaib mwaka 1883 ilibidi aagize nguzo za chuma. (Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Basi saruji ilipokuja ikaleta kishawishi. Saruji ya Portland ilisajiliwa Uingereza na Joseph Aspdin mwaka 1824, lakini kwetu ilibaki bidhaa ya meli kwa muda mrefu. Bamburi ya Mombasa ilianza kuzalisha mwaka 1954, na kiwanda cha Wazo Hill, kile unachokiona Tegeta ukitoka Bagamoyo kwenda Dar, mwaka 1966. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, mashine ya kusaga ilikuwa mojawapo ya vitu ambavyo kijiji kilivitamani mno, pamoja na shule, zahanati na bomba la maji. Akina mama waliokuwa wakitwanga kwa kinu na mchi wanaweza kukueleza maana yake. Injini nyingi zilikuwa za mfano wa Lister, muundo wa Kiingereza uliotoka mwishoni mwa miaka ya 1920 kule Dursley, baadaye ukaigwa na viwanda vya Rajkot, India. Silinda moja, mizunguko 650 kwa dakika, chuma tupu. Inarukaruka kama mbuzi. Kwa hiyo nayo ilihitaji msingi mzito na bolti za kumwagia zege. Msingi wa mjomba ni wa kizazi hicho. Aliununua pamoja na kibanda kwa mtu aliyeachana na biashara.

Kishawishi nilichosema ni hiki: zege linaonekana gumu. Unalipiga nyundo, linakurudishia mkono. Unajiambia chochote nikikichomeka humu hakitoki. Lakini zege ni mtoto wa chokaa na mawe, tabia ni ile ile. Likikandamizwa linabeba ajabu. Likivutwa, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kukandamizwa. Nondo tunaziweka kwa sababu hiyo. Na bolti ikivutwa kwenda juu, mara nyingi haikatiki yenyewe wala haichomoki kama msumari kwenye ubao. Inang'oka na kipande cha zege chenye umbo la pia, ile ya watoto: ncha chini mwisho wa bolti, uso mpana juu. Nimewahi kukiona kipande hicho, nitaeleza.

Wahandisi walibishana miaka mingi kuhusu ukubwa wa kipande hicho. Zamani walichora mstari wa nyuzi 45 kutoka ncha ya bolti kwenda juu wakapiga hesabu. Mwaka 1995 Werner Fuchs na Rolf Eligehausen, wote wa Stuttgart, pamoja na John Breen wa Texas, wakachapisha njia mpya iliyotokana na majaribio mengi ya kung'oa bolti. Wakaonesha kwamba kipande hulala zaidi, upana wake juu ni karibu mara 3 ya kina cha bolti. Na nguvu inayohitajika kung'oa haipandi sawasawa na kina. Ukiongeza kina mara 2, nguvu inapanda karibu mara 2.8. Wamarekani wakaiingiza kwenye kanuni zao za zege mwaka 2002, na Ulaya nayo inatumia hesabu ya ukoo huo.

Nilimchorea fundi kwa mkaa ukutani. Rolbolti yake inazama sentimita 6. Katika zege zuri la kawaida, lisilo na ufa, bolti moja iliyo mbali na ukingo inahitaji kama kilonewtoni 23 kuing'oa, yaani kama uzito wa tani 2 na robo. Fundi akacheka: "Si unaona! Mota yenyewe haifiki kilo mia!"

Subiri kwanza fundi. Hiyo ni nguvu ya kung'oa, siyo ya kutegemea. Mhandisi anakuruhusu chini ya nusu ya hapo. Zege likiwa na ufa, inashuka tena kwa karibu theluthi. Na ile pia ya zege ina upana wa sentimita 18, maana yake inahitaji sentimita 9 kila upande wa bolti. Nikamwomba apime kutoka kwenye alama zake mpaka ukingo wa msingi. Sentimita 5. Pia yake ingekatwa ubavuni kabla haijaanza kazi. Tena bolti ya kutanuka inasukuma zege pembeni muda wote tangu unapoikaza, kwa hiyo ukiiweka karibu na ukingo unaweza kupasua zege kwa spana tu, kabla mota haijawashwa. Na huo msingi una ufa unaoonekana kwa macho, umeanzia kwenye bolti ya zamani ukaenda mpaka chini.

Halafu kuna suala la mzigo wa aina gani. Uzito wa mota unakandamiza, hauna shida. Shida ni mkanda. Mota inazunguka kama mara 1,450 kwa dakika, mkanda unaivuta kuelekea kwenye kinu, kwa hiyo inataka kuinuka upande wa nyuma. Bolti mbili za nyuma ndizo zinazovutwa juu. Mteja akimwaga debe la mahindi ambayo hayajakauka vizuri, kinu kinakwama ghafla, mvuto unaruka. Hii inatokea mara ngapi kwa siku? Na katikati ya hayo kuna mtikisiko usiokoma, unaolegeza nati kidogo kidogo.

Sasa kile kipande nilichosema nimewahi kukiona. Nilikuwa darasa la nne, kijiji fulani ambacho si Miono na sitakitaja. Mashine ilifungwa na bolti zilizochomekwa kwenye zege jembamba. Siku hiyo mbili za nyuma zikang'oka kwa pamoja, injini ikaegemea mbele, mkanda ukachomoka na kumchapa msagaji mkononi. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Sisi watoto tulikimbilia kuokota mabaki ya bolti. Kila moja ilikuwa imebeba donge la zege lenye umbo la pia, safi kabisa, kama limechongwa. Nilikaa nalo nyumbani hadi mama akalitupa. Sikujua kwamba Stuttgart kuna maprofesa wamezeeka wakilichunguza.

Kama unadhani haya ni mambo ya vijijini kwetu tu, mwulize Mmarekani. Boston, tarehe 10 Julai 2006, vipande vya dari la zege vyenye jumla ya tani zaidi ya 20 vilidondoka ndani ya handaki la barabara jipya kabisa, vikaliangukia gari, mwanamke mmoja akafa. Dari lilining'inizwa kwa bolti zilizogandishwa juu kwa gundi ya epoksi. Wachunguzi wa serikali mwaka 2007 wakatoa jibu: gundi iliyotumika ilikuwa ya kukauka haraka, na aina hiyo ikibebeshwa mzigo muda wote inajivuta polepole, milimita kwa milimita, mpaka inaachia. Ilijaribiwa kwa mzigo wa muda mfupi ikafaulu. Japani nao, tarehe 2 Desemba 2012, handaki la Sasago lililofunguliwa mwaka 1977: zaidi ya mita 130 za dari zilianguka, watu 9 wakafa. Bolti za gundi tena, safari hii zilizozeeka bila kukaguliwa vya kutosha.

Sisemi gundi ni mbaya. Wanaojua wanasema ni nzuri sana kama tundu limesafishwa: unapuliza, unapiga brashi, unapuliza tena, mpaka vumbi lote litoke. Vumbi likibaki gundi inashika vumbi, haishiki zege. Mafundi wangapi mmewaona wanapuliza tundu kwa brashi? Mimi nimewaona wanapuliza kwa mdomo, tena mara moja, wakifumba macho.

Plagi za plastiki nazo nisizisahau, maana ndizo zimejaa majumbani mwenu. Zilitokana na Artur Fischer, Mjerumani aliyeanza kama fundi chuma, ambaye mwaka 1958 alibuni plagi ya nailoni. Alikufa Januari 2016 akiwa ameacha hati za ubunifu zaidi ya 1,000. Plagi yake ni nzuri kwa kioo na rafu ya vitabu. Kwa mashine ya kusaga, usithubutu.

Turudi Miono. Usiku tulikaa uani na mjomba, nikamweleza yote haya, yeye anakula muhogo ananisikiliza. Nilipofika kwa Boston akaniuliza: "Na hao walikuwa na wahandisi?" Nikamwambia walikuwa nao wengi tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kesho fundi alete nyundo kubwa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba fundi hakununa. Alisema yeye tangu mwanzo alijua bolti za kumwagia ni bora, ila wateja wake wote wanataka mashine iwake jioni ile ile, na ukiwaambia mwezi mmoja wanakwenda kwa fundi mwingine. Hapo nikajiona mjinga kidogo. Nilikuwa nimeshamwandika kichwani kama mtu asiyejua kazi.

Na kazi anaijua. Msingi wa zamani ulivunjwa siku mbili. Aliagiza vipande vinne vya chuma cha duara cha milimita 16, akavipeleka Chalinze kukatwa hesi, chini akavipinda mguu kama mwanzi wa mkongojo. Akachukua ubao, akautoboa matundu manne kwa vipimo vya miguu ya mota, akavining'iniza vyuma vile kwenye ubao vikiwa vimezama sentimita 30, ili zege likimwagwa visiyumbe. Ni njia ile ile ya mashamba ya mkonge zaidi ya miaka 100 iliyopita, hakuna kilichobadilika ila aliyeshika mwiko. Zege moja kwa mbili kwa nne, mchanga wa mto na siyo wa pwani, kwa sababu chumvi inakula chuma kikiwa ndani usikione. Kina cha sentimita 30 pamoja na ule mguu, pia ya zege inakuwa karibu msingi mzima. Ili ikung'oke lazima ing'oke na msingi wote.

Nikawa namtazama anavyosawazisha kwa pima-maji, nikakumbuka majahazi ya Bagamoyo. Wazungu bolti hizi wanaziita kwa jina la nanga, na ule mguu uliopindwa kweli ni nanga kasoro kamba.

Kilichobaki ni ugomvi wa siku. Kitabu kinasema zege lipewe siku 28 kufikia nguvu zake. Mjomba akasema siku 28 watu wa Miono watakuwa wameshahamia mashine ya upande wa pili na hawatarudi. Fundi akasema 7 zinatosha. Mimi nikasema 28. Tukajadiliana pale pale juu ya magunia matupu ya saruji, huku akina mama wawili wamesimama mlangoni na ndoo zao za mahindi wakitusikiliza. Tukakubaliana 14, kwa masharti kwamba zege linamwagiwa maji asubuhi na jioni na linafunikwa magunia, na wiki ya kwanza mjomba asipokee mahindi mabichi.

Mama mmoja akauliza: "Kwa hiyo hizi tuzipeleke wapi leo?"

Mjomba akamwelekeza kwa mshindani wake.